Filamu Niliyomsingizia Bibi

Nianze na filamu yenyewe, maana wanawake wa ushirika wetu wameizungumzia kana kwamba ilitengenezwa kuzimu. Ilitengenezwa Uhispania, na kwa pesa kidogo sana. Waigizaji walikuwa wanne tu: mjane, mpangaji wake, dada wa mjane, na askari mmoja aliyevaa koti la mtu mnene kuliko yeye. Nyumba ilikuwa moja, na pazia la chumbani nililiona tena sebuleni. Mvua iliponyesha dirishani, jua lilikuwa likiwaka nyuma yake, ukajua kabisa kuna mtu juu ya paa ameshika mpira wa kumwagilia maua. Mume wa mjane alikuwa ameuawa na haikujulikana ni nani muuaji, na katikati ya kumtafuta watu wale walivuana nguo kila mara kama wenye kuwashwa.

Niliitazama mara tatu. Naandika hivyo wazi kwa sababu nimechoka kulizunguka.

Nilikuwa naitazama mchana, siku ambazo siendi kazini, hapa kwetu Hyattsville, huku ughaibuni, mume wangu akiwa ghalani anakofanya kazi na mtoto akiwa amelala. Kihispania changu ni kile ninachosikia kwenye chumba cha kufulia nguo, kwa hivyo nilisoma maandishi ya chini. Msidhani ni kule kuvuana nguo tu kulikonirudisha. Haya, hata huko. Lakini kuna mahali mjane anamenya viazi, na mpangaji anasimama mlangoni anamwangalia bila kusema neno, na yule mwanamke anajua anaangaliwa, anaendelea kumenya, polepole. Mimi nina miaka ishirini na saba. Nimemenya viazi vya kulisha shule nzima ya bweni, na sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu yeyote. Mume wangu akifika mlango wa jikoni ni kuuliza kama chai iko.

Sasa, ushirika wetu. Sisi ni wanawake Wakenya wa kanisa moja, karibu wote wauguzi au watunza wazee kama mimi. Tunakutana Jumamosi alasiri, nyumba kwa nyumba. Mwenyeji anapika chai na chapati, anaficha vinavyofaa kufichwa, halafu anawasha tivii ili maneno ya nyimbo yaonekane, maana vitabu vya nyimbo vilibaki kwa mama zetu. Zamu yangu ilipofika nilisugua choo mara mbili. Bia za mume wangu nilizizamisha kwenye kapu la nguo chafu. Tivii niliipangusa vumbi. Vumbi! Ndicho kitu pekee nilichokumbuka kuiondolea.

Mwenyekiti wetu ana watoto pacha, ndiyo sababu sote tunamwita Mama Pacha. Ni mtu wa kushika kila kitu mwenyewe, na siku hiyo alishika rimoti. Akabonyeza mahali asipopajua, na ile tivii ikaendelea pale nilipoachia. Ukatokea mgongo wa mjane, mtupu hadi kiunoni, na mkono wa mpangaji ukiteremka. Sauti ilikuwa juu kabisa, si tulitaka kuimba?

"Shindwe!" Mama Pacha akapiga kelele. Akabonyeza tena, sauti ikapanda.

"Zima! Zima hiyo takataka!" mwingine akamwambia.

"Nazima wapi? Haki hii rimoti ina vifungo mia!"

"Wacheni bwana," akasema mmoja aliyeendesha gari kutoka Herndon, ambaye hawezi kukaa dakika tano bila mzaha. "Kwani hamuoni watu wanajifunza Kihispania?"

Wengine wakacheka, viganja mdomoni. Na ingeishia hapo. Ningemtupia mume wangu lawama, tungemwombea, tungekula chapati. Waume wetu wameombewa makubwa kuliko hayo.

Lakini binti yangu wa miaka mitano alikuwa ametoka chumbani na mwanasesere wake. Kwenye tivii mjane alikuwa ameshavaa na yuko jikoni. Mtoto akatazama, akasema kwa Kiingereza, maana hata nimsemeshe Kiswahili vipi hunijibu Kiingereza, kwamba sasa yule mama ataficha pete kwenye sukari.

Na mjane akaficha pete kwenye sukari.

Mtu mmoja alichomoa waya ukutani. Hapo ndipo nikaelewa kwamba zile alasiri mtoto hakuwa amelala. Alisimama kwenye korido nyuma ya mgongo wangu, siku ngapi sijui, na aliona nini kingine sijui. Wanawake wanane wakaelewa nusu yake.

"Mtoto ameshaiona hii?" Mama Pacha akauliza, sasa kwa sauti ya chini. "Ni nani anamwonyesha mtoto mambo kama haya?"

Nikasema, "Ni yule bibi wa chini."

Huyo bibi ni Mtanzania, mtu wa Tanga, anakaa ghorofa ya pili na binti yake. Ndiye aliyekuwa akitulelea watoto tukienda kazini, wangu na wa wanawake watatu waliokuwa wamekaa pale pale sebuleni kwangu. Sebule yake ni ndogo, kwa hivyo nilimpa ufunguo ili awalete kwangu wacheze. Kwa uongo wangu, hilo lilitosha. Na mnajua kwa nini nilimtaja yeye? Kwa sababu si wa kanisa letu. Si wa kanisa lolote, ni Mwislamu. Ningemtaja mmoja wetu wangeniuliza maswali. Kumhusu yeye, waliamini kabla sijafunga mdomo.

"Mimi moyo wangu ulikuwa unakataa," mmoja wa wale watatu akasema. Muongo. Wiki hiyo hiyo alikuwa amemsifu bibi mpaka tukachoka.

Kisha wakamweka binti yangu katikati, wakamwekea mikono kichwani, wakakemea roho iliyoingizwa na yule mwanamke. Nilisema amina, tena kwa nguvu kuliko wote. Nilipofumbua macho, mtoto alikuwa hajafumba yake. Alikuwa ananiangalia mimi.

Sisi Wakenya wa huku tuna tabia moja. Hatumwambii mtu kosa lake. Tunamwambia ratiba imebadilika. Jumatatu mmoja alimwandikia bibi kwamba shifti zake zimegeuzwa. Wa pili, mama mkwe anakuja. Wa tatu hakuandika kitu, alipita tu na mtoto wake kwenye ngazi kama anayepita nyumba yenye mbwa. Mimi niliendelea kumpelekea wangu. Naam, niliendelea. Nilikuwa na kazi asubuhi na nilijua hakuna mikono salama kuliko ile.

Jumatano nilipomchukua mtoto, bibi alinishika mkono pale mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi, hawa watoto wengine wanaumwa?"

"Hapana."

"Maana tangu juzi nashinda na huyu wako peke yake. Uji napika wa wanne kwa mazoea, namwaga. Nimekosa nini?"

"Hujakosa, bibi. Nadhani ni ratiba tu."

"Za wote watatu, siku moja?" Akanitazama. "Kama nimekosa niambieni. Mimi mtu mzima, nikiambiwa sifi."

Nilisema nitawauliza. Nikapanda ngazi kwa hasira, na hasira yenyewe sikuwa na pa kuiweka. Jioni Mama Pacha akanipigia simu.

"Dadangu, nasikia bado unampeleka mtoto kwa yule mwanamke. Kweli? Baada ya alichomfanyia? Au kuna kitu hujatuambia?"

Nilijua nimebanwa. Nikimtoa mtoto wangu, bibi amekwisha. Jengo zima litajua kwamba hata jirani yake wa juu amemkimbia, na hakuna mama mwingine atakayemwachia mtoto. Nikimwacha kwake, lazima niseme kwa nini. Nilimweleza mume wangu yote, hata habari ya viazi. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Nyamaza tu, itapita. Tafuta mlezi mwingine." Na akauliza kama chakula kiko tayari. Sufuria nilikuwa nimeishika mkononi, Mungu ni shahidi, nikaiweka chini.

Jumamosi iliyofuata tulikutana kwa Mama Pacha, kule Fairfax. Kwetu baada ya maombi kuna wakati wa ushuhuda. Mtu anasimama, anasema alivyoponea ajali au alivyopata karatasi zake za kuishi huku, tunapiga makofi. Nikasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Ile filamu ni yangu. Niliitazama mimi, mara tatu. Mtoto aliniona mimi. Bibi hakufanya kitu chochote. Niliwadanganya."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Pacha akasema, "Sawa, asante, tusirudi huko, mambo ya aibu hufunikwa," na papo hapo akaanzisha wimbo. Wakaimba! Wakaimba ili nisisikike. Nikapaza sauti juu ya wimbo wao. Nilipiga kelele kama mchuuzi wa sokoni: warudisheni watoto kwa bibi, mwombeni msamaha, mimi ndiye muongo, na nyinyi mliniamini kwa sababu mlitaka.

Yule wa Herndon ndiye aliyenyamazisha wimbo. Safari hii hakutania. "Mwacheni amalize," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe. Ulituacha tumkemee mama wa watu kama pepo, nawe unaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekushika bega."

Jikoni nikiosha vikombe, mwingine akaja kando yangu, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akaniuliza filamu inaitwaje. Nikamwambia aniondokee.

Kumwambia bibi ndiko kulikokuwa kugumu. Nilishuka Jumapili baada ya ibada. Hakunikaribisha kukaa, au labda alinikaribisha nikashindwa. Ilibidi kwanza nimweleze ni filamu ya namna gani, mtu wa umri wa mama yangu.

"Ya watu uchi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na ukasema ni mimi."

"Ndiyo."

"Ukasema nilimwonyesha mtoto."

"Ndiyo."

Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kile cha kufungia watoto viatu. "Na Jumatano nikakuuliza, ukaniambia ratiba."

"Nisamehe, bibi. Nimeshawaambia wote kweli."

"Nimekusamehe," alisema. "Watoto wa wenzio wakija nitawapokea. Ila wako simchukui tena. Siku nyingine ukibanwa utasema nini? Kwamba nimempiga?"

Nilitaka kusema sitarudia kamwe. Lakini yeye ananijua sasa, nami najijua.

Wawili kati ya wale watatu wamerudisha watoto wao. Mmoja alimpelekea mkate wa tangawizi, hakumwambia ni wa nini. Wa tatu bado anapita kwenye ngazi vile vile. Ushirika unanialika, lakini nyumbani kwangu hawaji, na zamu yangu inarukwa bila mtu kuitaja. Mimi nimepata mlezi mbali, dakika thelathini kwa gari kukiwa hakuna foleni, na kazini nachelewa.

Kila asubuhi tunapita mlango wa bibi. Watoto wanasikika ndani, wanacheka kitu. Jana binti yangu aligoma pale, akaketi sakafuni, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini yeye haruhusiwi kuingia.

"Kwa sababu mama yako alisema uongo juu ya bibi," nilimwambia.

Aliielewa kila silabi. Alianza kulia kwa sauti ya kuamsha jengo, na aliyekuwa ndani lazima alisikia, lakini mlango haukufunguliwa. Nilimbeba mpaka kwenye gari. Njia nzima alikuwa ananipiga ngumi mgongoni, nikamwacha anipige.