Mbuzi Uwanjani

Mama yangu hajawahi kupaita pale uwanja wa ndege. Kwake ni kambini, ingawa wanajeshi walishaondoka na ndege zao, na siku hizi kuna mashine ya kukagua mizigo na dada anayeuza maji kwa bei ya kuruka. Mama alikulia jirani na uzio. Jioni filimbi ikilia, bendera ikishushwa, kila mtu aliganda pale alipo: mwenye ndoo kichwani, mwenye jembe, hata watoto katikati ya mchezo wa rede.

Mwaka jana nilimpeleka Dar kufanyiwa upasuaji wa macho. Jicho moja lilishazimika, la pili lilikuwa likififia, na daktari alisema tukichelewa hatabaki na kitu. Nilimbembeleza mpaka nikachoka. Mwishowe alikubali, kwa sharti la kubeba dagaa wa Kibirizi, maana mtu wa Kigoma haendi ugenini mikono mitupu. Ukumbi mzima wa abiria ulinuka dagaa wetu.

Tulitoka kuifuata ndege asubuhi, nimemshika mkono. Upepo wa ziwani ulipuliza taratibu, na lami ile ya zamani, yenye viraka, ilikuwa imelowa umande hata nikaona kama tunatembea juu ya maji. Nilijisikia mwepesi, kama mtu anayeota na anajua kwamba anaota.

Ndipo filimbi ikalia. Mbuzi walikuwa wamepenya uzio na mlinzi alikuwa akiwafukuza. Mama akaganda, mikono ubavuni, kidevu juu. Nyuma yetu mzee mmoja mwenye kofia naye akasimama wima. Vijana wakatupita wakicheka, na mimi nikacheka pia.

Nikamwambia jeshi halipo tena, ni mbuzi tu. Mzee akaendelea na safari yake, mama hakusogea. Mhudumu akatuita kutoka ngazini, akarudia. Hasira zangu haziko mbali, anayenijua anajua. Nikamvuta mkono.

"Najua ni mbuzi, mwana wanje," alisema polepole, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao. "Naogopa. Kama nitarudi sioni tena, niache nitazame kidogo."

Nikampungia mhudumu atungoje, nikajisogeza pembeni nisimzibe, nikidhani anataka kuviona vilima vya kwao. Akanivuta nirudi mbele yake. Alinitazama usoni, muda mrefu, kisha akatanguliza mguu.