Ngozi ya Masizi Kwenye Kidole cha Mpiga Gitaa

Masomo ya jioni pale Kasulu tuliyasoma tukiwa watu wazima, wengine tukiwa na vitambi vya kutosha kuwekea daftari bila meza. Mwaka 2013 tulikuwa na mwalimu wa fizikia aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mtu wa Kiswahili laini, aliyegombana na baridi yetu kila siku: makoti mawili, skafu, na bado meno yanagongana. Jioni moja, mvua ikilipiga bati hadi radi ikaomba zamu, alituambia kwamba huko duniani wataalamu wanatengeneza vifaa vya umeme laini, vinavyovutika kama ngozi. Wanachukua nyuzi za fedha au chembe za kaboni, ndogo mno, za kipimo kinachoitwa nano, wanazitandaza ndani ya mpira mwembamba. Unaubandika mwilini. Ukikunja mkono mpira unavutika, chembe zinaachana kidogo, umeme unapita kwa shida, na mita inasoma kwamba umekunja.

"Nano ni ndogo kiasi gani, mwalimu?"

"Unywele wako mmoja, mbele yake, ni gogo la mninga."

Jirani yangu wa dawati alikuwa mpiga gitaa wa kwaya, gitaa alilojifunzia kambini utotoni, wazazi wake walipokimbia kutoka Burundi. Mnyororo wa baiskeli ulikuwa umemng'ata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mfupa uliunga. Daktari akamwambia akikunje kila siku, la sivyo kitakakamaa moja kwa moja. Lakini alikiogopa, ukimwambia kunja, alikunja uso. Na Pasaka kwaya ilikuwa inakwenda Kibondo. Kiongozi alishasema wazi: kidole kisipokunjika, gitaa atapewa mwingine.

"Tumtengenezee ngozi hiyo," nikasema. "Aone mwenyewe kama kidole kinatembea."

Mwalimu akasema hata masizi ya koroboi ni chembe za kaboni za ukubwa huohuo, ila yetu yameshikana mabonge. Tukayakwangua. Tukatwanga kijiti cheusi cha betri kuukuu kama tunatwanga kisamvu, tukakoroga vyote kwenye solusheni, ile gundi ya kubandikia viraka vya baiskeli, tukapaka juu ya kipande cha puto. Mpaka leo nikipita kwa fundi baiskeli, harufu ile inanirudisha kwenye dawati langu. Fundi redio akatuazima mita yake ya kupimia umeme, ile ya mshale. Tukavuta puto, mshale ukacheza. Kelele tulizopiga, nadhani Bujumbura walifunga madirisha.

Jumamosi asubuhi tukakusanyika uani kwa mpiga gitaa. Kwa kuwa mwalimu alisema ngozi ile inashika mwilini, sisi tukaishikiza kwa solusheni hiyohiyo. Kidole kikawa kama hindi lililosahauliwa motoni. Tukaunga nyaya.

"Kunja."

Mshale kimya.

"Kunja basi, bwana!"

"Kimekufa hiki," akasema, sauti imemshuka. "Gitaa wampe mwingine. Nimechoka kukifanyia matanga kila asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Mara akaingia mama mkwe wake, kutoka Munanila, kikapu kichwani. Kwetu mama mkwe hapungiwi mkono. Unasimama, unainama, unamsalimia huku unapiga makofi ya viganja vilivyobonyea, vidole vikikunjika, yenye sauti nzito, siyo yale ya bapa ya mkutano wa hadhara. Na salamu inapita kwa watoto, maharage, mvua, hadi njaa inauma. Jamaa akaruka, nyaya zikimfuata kama mikia.

"Mwakeye, mama!" akamwamkia kwa Kiha. Pwa, pwa, pwa.

Mshale ukaondoka. Ukarudi. Ukaondoka tena.

"Inasoma!" mwalimu akapiga kelele. "Usiache kusalimia!"

"Yoo!" mama akashtuka. "Mkwe wangu mnamfunga umeme?"

"Hakuna shoti, mama. Mwulize habari za nyumbani!"

"Nimeshauliza za ng'ombe."

"Mwulize za kuku!"

Akauliza za kuku, mmoja mmoja. Jamaa akaanza kuutazama mshale, makofi yakapungua mwendo, hadi akawa anakunja kidole peke yake, polepole, machozi ya maumivu yakimtoka, na mshale ukisogea upana wa punje ya mtama. Kisha ngozi yetu ikapasuka. Tuliibandua kwa mafuta ya taa, ikaondoka na ngozi yake halisi, naye akatutukana kwa furaha.

Toka hapo kila asubuhi alipiga makofi peke yake uani, majirani wakidhani anasalimia wazimu.

Pasaka ilipofika, Kibondo gitaa alilibeba yeye. Pambio la tatu lilikuwa la kasi; kidole kikachelewa, akapunguza mwendo, kwaya nzima ikamfuata kwa heshima. Watu wa Murungu, kulekule Kibondo, waliokaa mbele wakadhani ndio mtindo mpya wa Kasulu, wakaomba lirudiwe.