Makopo Matano ya Boma la Syokau

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mvua ilikataa huku Mutomo na shule ikaniishia darasa la tatu. Mama alikuwa amekufa. Dada yangu Syokau, aliyekuwa ameolewa tayari, alinichukua bomani kwake akanilisha pamoja na wanawe. Naanza na yeye kwa sababu nitamalizia kwake.

Kazi nilianzia hospitali ya misheni, kufyeka nyasi. Siku ya kwanza Sista Mkuu alinipa panga, akanionyesha uwanja, akasema, "Nikikuta nyoka hapa, nitakuuliza wewe." Nilifyeka mpaka akanipeleka kwa dobi, kisha kuchemsha vyombo vya upasuaji. Cheti sikuwa nacho. Nilikuwa na mikono isiyosahau. Kwa mikono hiyo nilihamishiwa mji wa Wote kwa miaka michache, kisha Kitui mjini, na huko ndiko nilikutana na mpira.

Mpira ni kifaa kirefu cheusi, unene wa kidole, chenye kamera na taa kichwani. Daktari huupitisha nyuma ya mtu uingie utumbo mkubwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuuosha. Nyinyi mnaoosha kwa mashine siku hizi, sikilizeni. Kwanza unaupuliza hewa ukiwa ndani ya maji. Ukitoa mapovu, umetoboka, usimguse mgonjwa nao. Halafu brashi ndefu kwenye kila tundu mpaka brashi itoke safi, hata kama umechoka. Halafu dawa ya kuua vijidudu, kwa dakika zake zote. Mwisho unautundika kabatini ukauke. Asubuhi nikifungua kabati hilo nilikuta mipira mitatu inaning'inia, na nawaambia kweli, sikupenda kuipa mgongo.

Siku yangu ya kwanza chumba kile, Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alizima taa ili aone skrini vizuri. Mimi skrini sikuielewa. Nikaangalia tumbo la mgonjwa. Chini ya ngozi kulikuwa na mwanga mwekundu, na ulikuwa unatembea. Ulipanda upande wa kushoto, ukavuka chini ya mbavu, ukashuka kulia, ukatulia karibu na nyonga. Mgonjwa alikuwa amelala kwa dawa, anatabasamu.

"Taa ikifika hapo kulia tumemaliza njia," Daktari akaniambia. "Ikisimama kabla ya hapo, kuna kitu kimeziba."

Tangu siku hiyo skrini niliwaachia wenyewe. Miaka yote niliangalia ngozi, na nilijua kabla ya ndugu walioketi kwenye benchi nje.

Halafu ukaja uchunguzi wa watu wazima wote wa umri uliowekwa kwenye orodha, hata wasioumwa. Maana yake ni hii: saratani ya utumbo huanza kama kinyama kidogo, mfano wa uyoga, na hukaa miaka bila kuuma. Kikikutwa mapema, daktari hukikata kwa kitanzi cha waya na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini huwezi kumwingizia kila mtu mpira. Kwa hivyo kwanza watu walipewa kopo dogo lenye kijiti, waweke choo kidogo, maabara itafute damu ambayo jicho halioni. Mwenye damu ndiye anaitwa.

Makopo ya kwetu niliyabeba mwenyewe: wana wawili wa Syokau, wake zao, na mimi. Syokau hakupewa. Umri wake ulikuwa umepita ule wa orodha.

Sasa niseme aibu yangu. Tulikatazwa tangu utoto kuacha kitu cha mwili wako mikononi mwa watu. Nywele, kucha, na choo zaidi. Mwenye nia mbaya atakumaliza nacho. Mimi ni mzee wa kanisa, na nilikuwa nimeosha uchafu wa nusu ya Kitui, lakini nilipoona jina langu kwenye kopo, mkono ulikataa. Nikamfuata Syokau nyuma ya jikoni.

"Lete," akasema. "Mimi nimezeeka, wataniroga wapate nini?"

Majibu yakarudi. Makopo matano, damu kwa yote matano.

Majirani wakaacha kuchota maji kwa tangi letu. Mchungaji alikuja kuomba mara mbili, na mara ya pili alikataa chai. Kopo langu nilijua lina damu ya nani. Yale manne ndiyo yalinitisha. Nikadhani kweli kuna kitu kimeingia hapo kwetu, na kwa aibu yangu nikafunga mdomo.

Wakaja hospitali mmoja mmoja, wiki kwa wiki, wamekunywa dawa ya kuharisha mpaka wanatoa maji matupu. Nikaangalia ngozi zao gizani. Mwana mkubwa, taa ikafika kulia. Mkewe, ikafika. Mwana wa pili, ikafika. Mkewe, ikafika. Wote safi. Kila ilipofika, mimi nilizidi kuogopa.

Daktari akanifuata kwenye sinki. "Mzee Musyoka, watu wanne wana damu na hakuna mwenye kidonda. Umebaki wewe."

Nikamwambia, "Daktari, kopo langu alinijazia dada yangu."

Hakunikemea. Alifunga bomba lililokuwa likimwaga maji, akauliza, "Na hao wengine, nani aliwajazia?"

Nilipanda boda boda siku hiyo hiyo nikarudi bomani. Syokau alikuwa anapepeta ndengu. Nilipomwuliza alicheka mpaka akaweka ungo chini. Alisema kila mmoja wetu alikuja kivyake nyuma ya jikoni, kila mmoja akamwapisha asiseme. Tulikuwa tunapishana tu.

Kisha akaacha kucheka. "Mtoto wa mama, hiyo damu mimi naiona tangu mavuno. Lakini hakuna kopo lilikuja na jina langu."

Syokau alipolazwa kitandani hospitali, nilisimama mahali pangu. Taa ilipanda kushoto, ikafika chini ya mbavu, ikasimama. Nilingoja. Nikaiambia kimoyomoyo isonge. Ilibaki hapo inang'aa, kama jicho linaloniangalia mimi.

Alipasuliwa, wakakata kipande cha utumbo. Baadaye nilimwuliza Daktari zile wiki zangu za kunyamaza zilimchukulia dada yangu nini.

"Sijui," akasema. "Na wewe hutajua."

Nilistaafu mwaka uliofuata, nikiwa na miaka sitini. Mipira niliiacha, lakini taa haikuniacha. Jumapili nikiketi mbele kanisani, watu wakisimama kuimba, naiona ikipanda chini ya mashati na magauni yao. Kwa wengine inafika. Kwa wengine inasimama, na wao wanaendelea kuimba. Nikitoka nje nawashika mkono na kuwauliza kama wamechukua kopo. Wengine siku hizi hupitia mlango wa nyuma.

Leo nina ekari nne, nyumba ya matofali ya vyumba vitatu, tangi la maji, ng'ombe wawili, mbuzi kumi na mmoja na barua ya kustaafu iliyoandikwa jina langu bila kosa. Na nina dada mmoja, mwembamba lakini anakula, ambaye nikimpelekea kopo langu hunirudishia likiwa tupu.