Swichi Aliyofichwa Baba

Baba yangu aliendesha malori maisha yake yote, akitoa mizigo bandarini na kuipeleka kwenye maghala ya Zone Industrielle, eneo la viwanda. Alipostaafu alijinunulia gari dogo jeupe, kuukuu, akalipenda kama mtu anavyompenda mtoto aliyempata uzeeni. Tulikuwa tunaishi wawili tu, mtaani Kanyosha, tangu mama alipofariki.

Jumapili moja jirani yetu alitoka kanisani akakuta gari lake halipo. Baba alikwenda kumpa pole, na aliporudi hakugusa chakula. Asubuhi yake akanipigia honi nje.

"Panda. Tunaenda Buyenzi."

Huko Buyenzi alikuwa na rafiki yake wa miaka mingi, fundi Mwislamu aliyewahi kumtengenezea malori. Walisalimiana kwa kupigana mabegani, kisha fundi akajilaza chini ya usukani na kutoa nyaya mbili nje ili tuzione.

"Huu mukubwa wa batri hatuugusi," alisema. "Tunakata huu mudogo, ule unatuma demareri iamshe injini. Tunapitisha mu swichi. Mwizi akitia funguo, taa zitawaka, redio italia, lakini injini apana. Ni weye tu unajua pa kubonyeza."

Swichi aliificha chini ya kiti cha dereva, nyuma ya kapeti. Baba aliibonyeza mara nyingi, akiwasha na kuzima, akicheka.

Haukupita muda mrefu ikafanya kazi yake. Tulitoka sokoni na mboga zetu, tukakuta mlango wa gari umefunguliwa, plastiki ya chini ya usukani imepasuliwa na nyaya zinaning'inia. Gari lenyewe lilikuwa palepale. Baba aliisimulia habari hiyo kanisani, kwenye misiba, hata kwa watu asiowajua. Kila mara alimalizia kwa kusema, "Lakini pa kubonyeza sitakuonyesha!"

Halafu alasiri moja akanipigia simu kutoka Ruziba. Gari limekufa, alisema. Nilichukua pikipiki mpaka huko, nikamkuta amefungua boneti, shati limelowa jasho. Niliingiza mkono chini ya kiti, nikabonyeza, nikawasha. Injini ikanguruma.

"Umefanya nini?" aliniuliza.

"Ni swichi, papa."

"Swichi gani?"

Nilidhani ananitania. Nilipomtazama usoni nikaona hatanii. Nilimwonyesha, naye akainama akaipapasa kama kitu anachokigusa kwa mara ya kwanza. Tulirudi nyumbani.

Daktari alituambia tulilokuwa tumeshaanza kulijua. Siku nyingi baba alikuwa mzima wa akili. Siku nyingine zilimponyoka. Mimi nilijipa moyo, nikimwachia ufunguo, kwa sababu kumnyang'anya dereva ufunguo niliona ni sawa na kumvua nguo barabarani.

Siku moja mlinzi wa ghala ambako baba alikuwa akipeleka mizigo zamani akanipigia. Baba alikuwa getini, anapiga honi, anataka afunguliwe apakue mzigo. Mlinzi alikuwa anamfahamu. Nilipofika nilimkuta amemkalisha kivulini, amempa maji, wanazungumza habari za malori kana kwamba mzigo kweli upo njiani. Namshukuru mlinzi yule hadi leo. Baba aliponiona alielewa ghafla yuko wapi, akafunika uso kwa kofia yake.

Wiki hiyohiyo, asubuhi ambayo kichwa chake kilikuwa safi, aliniambia tupite tena kwa fundi.

"Ndugu yangu," alimwambia, "toa swichi pale, uiweke pengine. Umuonyeshe huyu binti. Mi usinionyeshe."

Fundi aliacha kazi aliyokuwa ameishika. "Muzee, mi naficha swichi kwa wezi. Kukuficha weye gari yako mwenyewe? Apana, siwezi."

"Mwizi iko mu kichwa yangu," baba alisema. "Anachukua kidogo kidogo. Sitaki siku moja atie hii gari mu watoto wa watu. Mi niliendesha miaka yote, sikugonga mutu."

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kujifuta hata ilipokuwa haina tena mafuta. Mwishowe akasema, "Inshallah." Baba alitoka akasimama barabarani, akatugeuzia mgongo mpaka kazi ikaisha.

Wakati wa kuagana fundi alininong'oneza, "Kila mara akitaka kutoka, umupeleke. Usimuchoke."

Mara ya kwanza baba alipojaribu kuwasha gari na likakataa, nilikuwa dirishani. Alikaa ndani muda, mikono kwenye usukani. Nilishuka nikafungua mlango.

"Limechoka leo," alisema.

"Sogea, papa, nijaribu mimi."

Alisogea. Niliwasha, tukaenda Ruziba kununua samaki wa mukeke. Njiani alinikosoa kila kona: punguza, acha nafasi, huyo wa baiskeli hajakuona. Mama muuza samaki, anayemjua tangu zamani, akamuuliza, "Muzee, siku hizi uko na shoferi?"

"Ni binti yangu," baba akajibu. "Anaendesha muzuri, ila anapenda sana breki."

Kisha akainama juu ya beseni, akaanza kuwageuza samaki mmoja mmoja, akiangalia macho na kufunua mashavu, na kubishana na yule mama kuhusu yupi amevuliwa leo.