Mafundo Saba kwenye Ngoi

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, hakuna ninayoikumbuka kama ile mama mkwe wangu aliyokata ngoi yangu mpya, ile nguo ya kumbebea mtoto, kwa kisu, mbele ya wanawake wote wa shamba la kahawa. Keti kwanza. Chai bado iko, na mtoto wako amelala hapa kwangu, hana haraka na mtu. Umeniomba nikae naye mpaka afikishe mwaka, na sababu hukunipa. Lakini juzi nilipokuja kwako Githurai nilikuona unavyopita mbali na dirisha la ghorofa ukiwa umembeba. Mimi cucu yako, nyanya yako huyu, nilikuwa hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Tulikaa laini, vile vyumba vya wafanyakazi, katika shamba moja upande wa Ruiru. Guka yako, babu yako mzaa baba, alikuwa Thika kwenye mkonge, na kwa ajili ya mambo ya pasi za kusafiria tulimwona mara moja kwa mwezi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Huyo mtoto ni baba yako, na alikuwa mzito vile vile alivyo leo.

Jioni tulipeleka kahawa kupimwa, debe kwa debe, kando ya tangi kubwa la kuoshea. Siku moja nikachungulia yale maji na wazo likanijia, hivi hivi tu: mtupe ndani. Yule mtoto nilimpenda mpaka nilikuwa namwamsha nione kama anapumua. Sasa wazo kama hilo limetoka wapi? Nikajiambia, kama limetoka kwangu, basi mimi ni muuaji ambaye bado hajapata nafasi.

Kosa langu likaanzia hapo, maana niliamua kupigana nalo. Nikafunga kula, nikaomba, nikaimba nyimbo za kanisa kimoyomoyo tangu asubuhi. Nikilifukuza linarudi. Likanikuta mpaka chooni, wazo lisilo na adabu. Nikawa namwachia mwenzangu debe langu, mimi nazunguka tangi kwa mbali. Mwishowe nikageukia ngoi. Ngoi hufungwa fundo moja, mtoto akilia unamzungusha mbele ananyonya. Mimi nikafunga mawili, kesho yake manne, nikafika saba, nikiyakaza kwa meno, ili mikono yangu ikitaka kufanya ubaya ichelewe.

Basi siku hiyo jua lilikuwa kali na mtoto akalia njaa. Najaribu kufungua, mafundo yamekataa, jasho limeyashika. Mtoto analia, maziwa yananichuruzika, wanawake wanacheka mpaka wanajishikiza kwenye miti ya kahawa. Mama mkwe wangu, niliyemwita Maitu, alikuwa mwanamke mfupi asiyependa kelele. Akaja na kisu chake cha viazi, akakata ngoi, akanipa mtoto nimnyonyeshe. Kisha akaokota kile kitambaa akahesabu mafundo. Yeye hakucheka.

“Unamfunga nani?” akaniuliza.

Nikalia, nikamweleza yote. Nikamwomba amchukue mjukuu wake amlee yeye, mimi nirudi kwa mama yangu, hata kesho. Nilikuwa nimeshaamua, mwanangu, na nikifikiria leo moyo unaniuma.

Maitu akasema, “Kila nikipasua kuni, mzee wangu hunishikia gogo. Na kila nikiinua shoka, wazo linaniambia, mkate mkono. Miaka thelathini sasa. Umewahi kuona amekosa kidole?”

“Hata wewe, Maitu?”

“Hata mimi. Ningekuwa simpendi, lingenitisha kwa nini?”

Kisha akanikemea. Akasema nimemnyima mtoto titi kwa kuogopa maneno yasiyo na mikono. Jioni hiyo akamfunga mgongoni mwangu kwa shuka yake, fundo moja, tukaenda mpaka kwenye tangi. Wazo likaja, tena mapema kuliko siku zote.

“Limekuja?”

“Limekuja.”

“Liache liseme. Debe lako liko wapi?”

Nikapeleka debe langu kupimwa. Naye akashika njia ya nyumbani bila kugeuka nyuma, akaniacha na mjukuu wake kando ya maji yale. Hakuna mtu amewahi kuniamini hivyo, hata guka yako.

Usidhani lilikwisha siku hiyo. Lilinirudia mpaka baba yako akaanza kutembea. Lakini lilikuwa likija linanikuta nachuma kahawa, simjibu mtu, linaenda zake. Baadaye nikawa nalisahau.

Kwa hiyo nisikilize. Wazo likija ukiwa dirishani, usibishane nalo wala usijiulize wewe ni mtu wa aina gani. Liambie, haya, nimekusikia, kisha uendelee kumvalisha mtoto. Pita hapo hapo dirishani na kazi yako mkononi. Na usilifiche, kwa sababu mimi lilininenepea kwa siri. Ila siku ukiona unalitaka, au usingizi umekukataa kabisa na unasikia sauti kweli kweli, usikae nalo hata saa moja. Niite, twende hospitali, na hakuna aibu yoyote hapo.

Ombi lako nimelikataa. Nampenda huyu mtoto mpaka natamani ningelikubali, lakini sitakaa naye. Mungu akutulize moyo, mwanangu, akupe usingizi mzuri na maziwa tele, na akuzeeshe mpaka umwone huyu naye akibeba wake.

Ameamka, msikie. Mimi sitoki kwenye kiti hiki. Nenda umchukue.