Nilivyosugua Kangaga za Mwende

Ni mwaka huu tuliokula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, bila maharagwe, maana mvua ilitukimbia. Mjukuu wangu Mwende, msomi wa chuo aniitaye Susu, yaani bibi, alishuka mtoni hapa Mbooni akachuma majani ya kangaga, ile mimea ya kivulini isiyotoa maua, akayatandaza mezani. Mwalimu wake alikuwa aje kumpima: ataje kila jani ni la ukoo gani katika jamii ya kangaga.

Asubuhi ukungu ukaingia hadi sebuleni, nikawa kama naelea ndani ya maziwa. Nikageuza jani. Madoa ya kahawia! Nikajua ni mayai ya wadudu, kama yale ya kwenye sukuma wiki. Nikayasugua kwa jivu, polepole, nikiimba, jani kwa jani, hadi yakang'aa. Nilijiona mama wa maana.

Mwalimu alipofika, akageuza jani. "Yale madoa ya kahawia, vijimbegu vya kangaga, yako wapi? Yakikaa ukingoni ni ukoo huu, yakikaa katikati ni ule. Sasa utatambuaje?"

Mwende akawa karibu kulia. "Susu, mwambie ni wewe, nisianguke!"

"Sisemi kitu."

Wote wawili wakatazama mikono yangu, myeupe kwa jivu hadi viwiko.

"Susu!"

"Sisemi kitu."