Jicho la Pembe Tano

Kazi yangu hapa Ifakara ni kutengeneza maganda ya virusi, matupu, yasiyo na ugonjwa ndani. Jioni natoka maabara, narudi chumbani kwangu Lipangalala, nakula wali peke yangu. Najipikia vizuri, sitaki huruma ya mtu. Ila upweke ninao, na niliutafuta mwenyewe.

Mama alipozidiwa kule Lupiro, baba alinipigia simu kuniita. Nikamwambia nitakuja protini zangu zikishajipanga kuwa maganda, ni siku mbili tu. Kweli zilijipanga. Nilifika watu wanarudi kutoka makaburini. Tangu siku hiyo baba ananiitikia shikamoo tu, basi, na mimi natamani hata anitukane.

Mwaka huu nilitakiwa kuwaonyesha wanafunzi jinsi ganda linavyojijenga. Nikasuka mfano kwa fito za mianzi, macho yote, yaani matundu kati ya fito, ya pembe sita. Wiki nzima nasuka, mfano umelala bapa kama ungo, haujikunji kuwa mpira. Nikapata kisingizio cha kuvuka mto kwenda Lupiro kwa baba.

Baba anasuka migono, mitego ya samaki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikauweka mfano wangu mbele yake. Akaugeuza, akaguna.

"Umeweka pembe sita kila mahali. Hauwezi kujikunja. Punguza ufito hapa, jicho libaki na pembe tano."

Akapunguza mwenyewe. Palepale pakainuka kama goti. Tulifanya hivyo sehemu kumi na mbili, na mfano ukajifunga, ukawa mpira. Furaha ikanizidi, nikaanza kubwabwaja: kwamba ganda la virusi nalo lina sehemu kumi na mbili za namna hiyo, kwamba protini ni ile ile, ikijipinda kidogo inakaa kwenye tano, ikijinyoosha inakaa kwenye sita, kwamba ubavu wa kila moja umeumbwa kushika ubavu wa jirani yake.

"Nani anazipanga?" akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu tangu msiba.

"Hakuna, baba. Zikikutana kwenye maji yenye chumvi inayozifaa, zinashikana zenyewe."

Akauzungusha ule mpira mikononi.

"Bila kuitwa?"

"Bila kuitwa."

"Wewe tulikuita," alisema, akavuta mgono wake, akaendelea kusuka.